Fundi kaniachia ruta wazi miezi 8, leo naambiwa nilipe elfu 20 aje kuifunga!

Wakuu, mtanisamehe, nina hasira.

Nina stesheneri Sinza, watu wanakuja kuprinti na kujaza fomu za mikopo ya vyuo. Tangu nifungiwe faiba, ikifika saa nne asubuhi intaneti inakufa. Fomu inazunguka weee, mteja anaondoka zake. Nikipiga huduma kwa wateja jibu ni lile lile: ongeza kifurushi. Nimeongeza mara mbili!

Juzi mdogo wangu kaja toka chuo, kaandika kwenye brauza 192.168.1.1, anwani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, jina admin, pasiwedi admin. Kaingia! Kwenye orodha kuna vifaa 27. Vyangu, na printa humo humo, ni 6. Kumbe nalipia mtaa mzima.

Pasiwedi ya Wi-Fi alinichagulia fundi mwenyewe: namba ya simu ya duka. Namba niliyoichora kwenye kibao cha mlangoni kwa rangi nyekundu, mtu anaisoma akiwa kwenye bajaji!

Na WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa PIN bila pasiwedi ya Wi-Fi, kaiacha imewashwa. Tangu 2011 inajulikana kuwa huo ni mlango: PIN ina tarakimu 8, lakini ruta inaikagua nusu nusu, kwa hiyo majaribio hayazidi 11,000, mtu yumo. Kwenye ruta isiyozuia hayo majaribio, hata ubadilishe pasiwedi, anaipata na mpya. Ulinzi wenyewe wa Wi-Fi kauweka WPA, ile ya zamani ya 2003, wakati WPA2 iliyo imara zaidi imo kwenye menyu hiyo hiyo.

Bando lingeniuma nikasahau. Ila kwenye kompyuta nina folda ya vyeti na vitambulisho vya wateja, nimeiacha wazi ili mashine zote mbili ziprinti. Miezi 8 yote! Wale watoto wa watu waliniamini.

Nimepiga simu, dada ananijibu pasiwedi ni jukumu la mteja, fundi kurudi ni 20,000. Jukumu langu vipi, wakati huo ukurasa wa ruta sikuwahi kuonyeshwa? Fundi alijaribu YouTube, akanisainisha, akapanda pikipiki yake.

Dogo kamaliza yote kwa nusu saa: pasiwedi mpya ya admin, WPA2, WPS kaizima, wateja kawawekea mtandao wao wa wageni. Saa nne leo fomu zimepita bila kukwama.

Hiyo elfu 20 silipi, na hela ya vifurushi walivyoniongezea naitaka. Kuna aliyewahi kupeleka kesi ya hivi TCRA, mamlaka ya mawasiliano? Nielekezeni nianzie wapi, kesho asubuhi nafunga duka naenda.