Kuhifadhi sosi ya nyanya kwenye chupa

Swali: Ndugu zangu, nyanya zimeshuka bei hapa Ilula, Iringa. Je, sosi ikichemka vizuri na kufungwa kwenye chupa za glasi, itakaa miezi bila friji?

Jibu: Kuchemka hakutoshi, ndugu, kwa kuwa asidi ya nyanya hutofautiana, na bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu ya chakula), ambaye sumu yake haionekani wala hainuki, huota pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) inapozidi 4.6. Tia kijiko kikubwa 1 cha maji ya limau ya dukani kwa kila nusu lita, kisha chemsha chupa zilizofungwa, zikiwa zimezama majini, kwa dakika 45, maana huko mwinukoni maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Jibu: Kitunguu na mafuta viache hadi siku ya kupika. Kifuniko ambacho baada ya kupoa kinabonyea na kurudi juu ukikibonyeza katikati hakikushika. Chupa hiyo iingie kwenye friji.