Annabella Lwin alianza aje? Na hii ngoma ni ya kwetu kweli?

mutoto_wa_kadutu
Jambo bandugu. Jana usiku nilikuwa natafuta nyimbo za zamani za Uingereza, nikaangukia kundi moja inaitwa Bow Wow Wow, binti anaimba na nguvu sana, lakini ile ngoma ya chini njo ilinisimamisha, ju mi nilikomalia Uvira, karibu na Burundi, na ile mudundo naijua. Banasema binti ni Annabella Lwin, nusu Mburma. Alianza aje, na ngoma ya Burundi ilifika London na njia gani?

yaya_nguba
Mutoto, masikio yako haikukudanganya. Annabella alizaliwa Rangoon mu 1966, baba Mburma, mama Muingereza. Mu 1980 alikuwa na miaka 13 tu, anafanya kakazi fasi banasafishaka nguo kule London, redio inalia na yeye anaimba pamoja nayo, njo vile bakamusikia bakamupeleka kwa Malcolm McLaren, ule aliyesimamia kundi ya punk Sex Pistols. McLaren alikuwa amesha kunyang'anya mwimbaji Adam Ant bapigaji batatu, anatafuta sauti tu. Sasa ngoma: mu 1967 Bafaransa balirekodi bapiga ngoma ya Burundi, sahani ikatoka Paris, halafu mu 1971 mutu moya akaongeza piano na gitaa juu yake akaiita Burundi Black. Kutokea pale London ikajifunza. Mi inaniuma kidogo, ju Dave Barbarossa wa ku dramu tunamujua jina, lakini bale bazee benye ngoma nani anabataja?

mama_kaseti
Na musisahau wimbo yao ya kwanza, C30 C60 C90 Go, ya 1980! Inasemea kurekodi nyimbo za redio ku kaseti, na yenyewe iliuzwa mu kaseti. Baba yangu alikuwa anafanya vile vile hapa Bukavu kila jioni, kidole ku kitufe, ole wa mutoto mwenye anakohoa wimbo ikianza.

yaya_nguba
Kabisa mama, hata kwetu!

fundi_redio
Yote sawa, ila musimupe McLaren sifa yote. I Want Candy, wimbo yenye Bow Wow Wow baliimba, ilikuwa ya kundi Strangeloves, ya 1965, batu bengine baliisha kuiimba mbele yake, lakini leo ukiitaja batu banasikia sauti ya Annabella ya 1982. Ile pumzi, ile kupandisha sauti ghafla, hakuna bosi mwenye anaweza kumupa mutoto.

mutoto_wa_kadutu
Asanteni sana bakubwa. Mujomba wangu anaishi Gitega, karibu na Gishora kwenye ngoma za mwami, leo jioni namutumia ile wimbo aniambie ni mudundo gani.