Teksi ya Baba Swabra uani kwa Mama

*Jumamosi, 17 Oktoba 2020*

06:09 Mama Swabra: Assalamu alaikum familia. Tumetoka Bombo saa 12 kamili, kafyu ya korona ya usiku ilipoisha tu, tunaelekea Arua kwa mama yake Baba Swabra. Baba Swabra yuko kwenye usukani wa teksi yake, basi dogo la abiria. Nyuma kuna godoro, chandarua, sigiri na jerikeni 2 za maji. Tuombeeni dua.

06:15 Hajati Amina: Wa alaikum salaam, mwanangu. Mungu awafikishe. Lakini kweli mtalala ndani ya teksi, na nyumba ya marehemu kaka yangu ina vyumba vitupu?

06:31 Mama Swabra: Ndiyo Hajati. Mama ana miaka 78, na kifua chake mnakijua. Baba Swabra amebeba abiria wa Kampala mpaka wiki jana. Tukiingia ndani, tukala naye sahani moja, kisha tukamwachia ugonjwa, tutajibu nini? Tutaegesha uani siku 14. Chakula tutajipikia.

06:40 Nuru (Jinja): Wifi, viti viko wapi?

06:52 Mama Swabra: Vyote vimetolewa, viko sebuleni kwetu. Tangu Juni teksi inabeba watu 7 badala ya 14, ukishajaza mafuta hubaki na kitu. Fundi amepiga kitanda cha mbao kutoka ubavu hadi ubavu, chini kuna nafasi ya sufuria na nguo. Ukilala, miguu inagusa mlango wa nyuma. Dirisha moja tumeliwekea wavu, tupate hewa bila mbu.

09:47 Mama Swabra: Luweero tumenunua mananasi 5. Muuzaji aliyaweka chini, akarudi nyuma, nasi tukaweka pesa pale pale.

11:20 Baba Swabra: Pancha karibu na Kafu. Tairi la akiba lipo.

11:22 Hamza (Arua): Kaka, pole pole. Usikimbize gari kwa sababu ya kafyu.

13:58 Baba Swabra: Tumeondoka. Nati moja iligoma kabisa. Dereva wa lori la mchanga alisimama akatuazima spana ndefu. Mungu amlipe.

16:35 Mama Swabra: Karuma tumevuka. Picha hakuna, darajani kuna wanajeshi na kupiga picha ni marufuku. Nyani wamejaa barabarani, nimefunga vioo maana mananasi yananukia.

18:40 Mama Swabra: Tumefika Pakwach. Tunalala hapa kwenye kituo cha mafuta, mlinzi ametukubalia. Arua tungeifikia kabla ya saa 3 usiku, lakini kwa tairi hili bovu la akiba nimekataa safari ya giza. Nimenunua angara, samaki mkavu, wa Mama. Usingizi utakuwa mgumu kwa joto hili.

21:26 Nuru (Jinja): Kaka yuko vipi?

21:44 Mama Swabra: Kimya. Wifi, niliseme hapa hapa. Aprili baba yenu alipofariki, magari ya binafsi yalikuwa yamezuiwa nchi nzima. Tulizungushwa kutafuta kibali siku nzima, hatukukipata. Hamza akashika simu kule makaburini, sisi tukatazama Bombo, na mtandao ukakatika wakati wanafukia. Mei 26 magari yakaruhusiwa, lakini wilaya za mpakani zikabaki zimefungwa, na Arua ni mpakani. Mume wangu hajawahi kulia mbele yangu mpaka usiku ule. Tangu hapo kila akifunga swala anataja Arua. Hii safari haikuwa ya kutembea tu.

21:51 Hajati Amina: Nami nilimzika kaka yangu kwa simu hiyo hiyo, mwanangu. Nisalimie kaburi lake.

*Jumapili, 18 Oktoba 2020*

11:12 Hamza (Arua): Wameingia! Mama alisikia injini kabla yangu.

11:30 Mama Swabra: Alhamdulillahi. Mama alikuwa mlangoni. Mkono wake ulinyooka kutaka kumshika mwanawe, kisha akaukumbuka ugonjwa, akaurudisha kifuani. Baba Swabra akapiga magoti pale kwenye vumbi, karibu hatua 6 kutoka kwake, akamwamkia. Mama ametuonyesha kwa fimbo pa kuegesha, chini ya mwembe, mlango wa gari uelekee barazani ili atuone.

13:05 Nuru (Jinja): Nimelia mpaka mtoto ameniuliza nina nini.

13:20 Mama Swabra: Sasa tunaongea naye, yeye barazani, sisi kwenye kizingiti cha gari. Angara nimemwachia kwenye kigoda katikati ya uwanja, Hamza akaenda kuchukua. Mama anasema amechanganya na simsim. Sisi yetu iko kwenye sigiri.

17:48 Hamza (Arua): Shemeji, chungulia kigodani. Mama ametoa shuka la mzee, lile alilolidarizi maua mekundu mwaka walipohamia nyumba hii. Alilifunga kwenye karatasi tangu Aprili. Anasema litandikwe kwenye kitanda cha gari.

18:20 Mama Swabra: Limetandikwa. Kitanda ni kifupi, nimekunja pindo moja, maua yote yanaonekana. Mwambie aangalie, mlango nimeuacha wazi.

18:27 Hamza (Arua): Anaona. Anasema mkunje upande wa miguuni, mzee alipenda maua yawe kichwani.

18:30 Mama Swabra: Nimegeuza.

18:41 Baba Swabra: Hamza, kesho baada ya Alfajiri nipeleke kwa baba nikamsomee Yasini. Wewe tangulia mbele kidogo, nami nitakufuata.