Naomba ushauri: okidi za baridi zitachanua Mombasa?

Habari zenu wapenda maua. Wifi yangu wa Limuru amenipa okidi mbili aina ya Cymbidium. Kwake hukaa nje mwaka mzima, baridi ya Julai haizitishi. Hapa Kisauni majani yamenawiri, lakini ua hata la dawa. Nasikia hutaka usiku wa nyuzi 10 hadi 15 ndipo zitoe maua, nasi hata Julai tuko kwenye 20 hivi. Kuna aliyefanikiwa Pwani? (Habari za kutia barafu kwenye chungu sitaki.) Au nimrudishie, nipande Ansellia, ile ya madoadoa ya huku kwetu? Nikiifunga kwenye mwembe wa uani, itastahimili jua la mchana? Na maji ya kisima yenye chumvi je, hayataiunguza mizizi?