Tupeane uzoefu: kupanda na kushuka pikipiki ndefu kwenye milima yetu hii

Bibi Shamba, Rungwe

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa ugani, urefu wangu sentimita 154. Mwaka jana nilikabidhiwa pikipiki ya kazi, Honda XR150L. Siti yake iko sentimita 82 na nusu kutoka chini, na pikipiki yenyewe inakaribia kilo 130. Nikiikalia, chini zinafika ncha za vidole tu. Ikishaondoka sina tatizo nayo, inapita kwenye mashimo vizuri mno. Kazi iko kwenye kupanda na kushuka.

Siku ya tatu ilinilalia kule Isongole. Nilisimama pembeni ya barabara kumsikiliza mama mmoja wa viazi. Barabara zetu mnazijua: mgongo uko katikati, ukingo unashuka kuelekea mtaroni ili maji ya mvua yapate pa kwenda. Tunaendesha kushoto na tunatua mguu wa kushoto, kwa hiyo tunatua upande wa bondeni. Nikashusha mguu, ardhi sikuikuta. Mkono wa klachi ulikatika, kifundo cha mguu kikateguka, na wiki mbili wakulima wangu hawakuniona.

Tangu siku hiyo sisimami popote kabla ya kupachagua. Nikiwa bado natembea natafuta kichuguu, jiwe au ukingo wa karavati, mguu wa kushoto utue hapo. Nikikaribia kusimama nasogeza makalio upande wa kushoto wa siti, mguu unashuka mpaka soli nzima inakanyaga. Wa kulia haubanduki kwenye breki ya nyuma.

Kupanda sasa. Naweka gia ya kwanza, stendi ya pembeni iko chini, nakanyaga kikanyagio cha kushoto, nasimama wima kama napanda ngazi, ndipo navusha mguu wa kulia. Fundi mmoja pale Mwanjelwa ameniambia nitaivunja stendi. Wenzangu mnapandaje?

Dereva wa Matamba

Dada pole sana kwa mguu. Fundi ana hoja. Ukisimama hivyo, uzito wako na wa pikipiki unaegemea kile kichuma kimoja, na udongo wetu ukilowa kinazama. Mara mbilitatu hakina neno, ila ukifanya kila siku kitapinda.

Mimi nasimama kushoto, nabana breki ya mbele, nailaza pikipiki kidogo kuja kwangu mpaka siti ishuke usawa wa nyonga. Nakunja goti la kulia na kulipitisha JUU YA SITI, usawa wa tangi. Mguu usiurushe kwa nyuma. Hapo ndipo wengi tunapoangukia, maana kwenye keria kuna gunia, mguu unagonga gunia nawe umeshaachia mizani. Nikishakaa ndipo nainyoosha kwa paja na mguu wa kushoto.

Jambo la pili ni kusimama kwenye mpando. Mimi napanda kona 57 kutoka Chimala kuja Matamba karibu kila siku, nimeona wengi wakirudi kinyumenyume hapo. Mtu anatua mguu wa kulia, anabaki na breki ya mbele peke yake. Mlimani uzito umehamia nyuma, tairi la mbele ni jepesi, kwenye changarawe linaburuzika hata ukiling'ang'ania. Breki ya nyuma ndiyo inayokushika, kwa hiyo mguu wa kulia una kazi yake, wa chini lazima uwe wa kushoto. Na ukiegesha, elekeza pua mlimani, gia ya kwanza, weka jiwe bapa chini ya stendi.

Mama Abiria, Njombe

Kamwene. Mimi siendeshi, napakiwa. Naomba tusisahaulike, kwa sababu dereva anaweza kuwa fundi na abiria akamwangusha. Niliwahi kumvuta kijana bega wakati napanda, naye alikuwa anakanyaga kwa vidole tu. Tulilala wote, na mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo nikikumbuka moyo unashtuka.

Sasa nasubiri aniambie "panda mama". Napandia kushoto, maana ekzosi iko kulia, nina kovu lake kwenye shavu la mguu. Kitenge nakikusanya chote mapajani kisifike kwenye cheni. Na kushuka, abiria anatangulia, dereva ndiye wa mwisho.

Fundi wa Ipogolo

Kwa ufupi. Kama shokapu ya nyuma ina nati ya kurekebishia, legeza springi kidogo, ukikaa itashuka. Sponji ya siti inaweza kuchongwa ubavuni, pale paja linapopita. Ila ukiishusha pikipiki yenyewe, stendi ya pembeni nayo ifupishwe, la sivyo itasimama wima mno na kusukumwa kidogo tu inaangukia upande wa pili. Na wanaochagua pikipiki za shambani waitazame Yamaha AG 200: ina stendi za pembeni kushoto na kulia, unaegesha kwa jinsi mteremko ulivyo.

Bibi Shamba, Rungwe

Asanteni sana, na mama wa Njombe pole kwa yaliyowakuta. Leo asubuhi nimejaribu ya kuilaza na kupitisha goti, uani kwangu, kijana wa jirani ameshika keria. Mara mbili za kwanza niliogopa kuilaza ya kutosha. Ya tatu goti likapita. Mara ya sita nikamwambia aachie, nikapanda mwenyewe.

Limebaki moja. Wiki ijayo naenda Busokelo na mvua imekolea. Kule ardhi unaikuta, mguu unatua vizuri, halafu unateleza kwenye tope. Anayepita njia hizo kila siku atuambie anatuaje, na anavaa nini mguuni.