Masta ya jioni, PMP au kozi fupi za usanifu: mwajiri analipia kimoja tu

Nondo_Y16 (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Mwajiri ametangaza kwamba mwaka huu atamlipia kila mhandisi kitu kimoja cha kujiendeleza, na majina yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nimebaki na njia tatu na zote naziona zina mashiko:
1. Masta ya jioni, miaka miwili
2. PMP (cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi)
3. Mfululizo wa kozi fupi za usanifu wa miundo, pamoja na programu za kompyuta

Nataka kitu kitakachonibeba miaka kumi ijayo. Waliopita njia hizi naomba mwongozo.

Mzee_wa_Zege
Kijana, bado hujatueleza kitu. Una miaka mingapi kazini? Uko ofisi ya usanifu au saiti? Umeshasajiliwa na bodi ya wahandisi au bado uko chini ya mhandisi mlezi? Na huyo mwajiri akilipa, kuna karatasi ya kusaini kwamba hutaondoka? Lete hayo kwanza, la sivyo kila mtu atakupa ushauri wa alichosoma yeye.

Ratiba_Kamili
PMP, usisumbuke na mengine. Miradi niliyoiona ikikwama haikukwama kwa sababu boriti ilikosewa hesabu. Ilikwama kwa sababu vifaa vilichelewa, mkandarasi mdogo hakulipwa, na hakuna aliyeandika mabadiliko ya kazi yalipotolewa kwa mdomo. Anayejua kuyadhibiti hayo ndiye anayekabidhiwa mradi.

Kokoto
Mkuu Ratiba, mwambie na masharti. Mwenye digrii ya miaka minne anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo. Kuongoza, si kuwepo saiti. Ukishafaulu, kila miaka mitatu unakusanya pointi 60 na kulipa ada ya kuhuisha. Mleta mada amuulize mwajiri kama analipia mtihani tu au na huko mbele.

Nondo_Y16
Asanteni. Nina miaka minne. Nilianza ofisini nikikokotoa na kuchora, sasa niko saiti nasimamia zege na nondo.

Mzee_wa_Zege
Usajili na mkataba umeviruka.

Mihimili
Naomba niandike kwa kirefu kuhusu namba 3, maana iliniumiza.

Kampuni moja ya mafunzo, jina naliacha, ilitangaza kozi ya usanifu wa maghorofa kwa programu. Tulilipa wenyewe na kutoa wikiendi zetu. Kuanzia mwanzo hadi mwisho ilikuwa bonyeza hapa, chagua pale, angalia rangi. Kijani imepita, nyekundu imefeli. Ikiwa nyekundu, ongeza ukubwa wa boriti. Jengo la mazoezi lilipokamilika, mwenzetu mmoja aliyekuwa kimya muda wote akachukua kalkuleta, akajumlisha uzito wa slabu, kuta, nguzo na mzigo wa watu, kisha akalinganisha na jumla ya nguvu zinazoshuka kwenye misingi. Programu ilikuwa inatoa zaidi, na tofauti haikuwa ndogo. Akauliza. Mkufunzi akamjibu kwamba programu haikosei, arudie hesabu zake.

Wakati wa mapumziko tukafungua modeli wenyewe. Uzito wa slabu ulikuwa umeingia mara mbili. Programu ilishaukokotoa kutokana na unene tuliouingiza, na juu yake mkufunzi alikuwa ametufundisha kuandika kwa mkono kilonewton 3.75 kwa kila mita ya mraba, yaani uzito uleule wa slabu ya milimita 150. Darasa zima lilifanya hivyo na lilipewa vyeti.

Cheti chenyewe kilikuwa na kiungo cha kuhakiki. Kampuni ikabadilisha tovuti, kiungo kikafa. Nilipoomba kazi, waajiri walibofya wakakuta ukurasa mtupu, nikaanza kuulizwa maswali kama mtu aliyeghushi. Kwa hiyo kabla hujamwandikia mwajiri jina la kozi, ulizia mkufunzi ni nani, amesanifu nini, na kama kuna siku hata moja ya kuhakiki majibu kwa mkono.

Kokoto
Pole sana dada. Lakini hilo ni kosa la mkufunzi, si la kozi fupi. Tena walizidisha uzito, angalau jengo lingekuwa salama, hasara ni nondo tu.

Boriti_Ndefu
Kokoto, hapana, hili naomba tusiliache lipite. Kuzidisha uzito si usalama kila mahali. Upepo ukitaka kuinua paa au kupindua jengo jembamba, uzito ndio unaolishikilia chini. Ukiuhesabu mara mbili unajiona una akiba ambayo haipo. Ndiyo maana kwenye kupinduka kanuni hupunguza mzigo wa kudumu (uzito wa jengo lenyewe), kwa mfano kuuzidisha kwa 0.9 badala ya 1.2.

Kokoto
Hapo nimekuelewa. Nilikuwa nafikiria boriti na slabu tu.

Boriti_Ndefu
Na mleta mada, mimi nipo namba 3, ila siyo kwa ajili ya programu. Kanuni zinabadilika tukiwa saiti. Chukua ACI 318-19, kanuni ya Kimarekani ya zege, na nguvu ya kukata (shear). Miaka yote tulitumia 0.17 mara kipeuo cha pili cha nguvu ya zege na maisha yakaendelea. Toleo la 2019 likaleta kigezo cha ukubwa kwa boriti na slabu zisizo na ringi za kutosha: kadiri kina kinavyoongezeka, ndivyo zege inavyobeba kidogo kwa kila milimita ya mraba. Kwa kina cha milimita 250 kigezo ni 1. Kwa kina cha milimita 1000 kinashuka hadi 0.63. Na kiasi cha nondo za chini nacho kimeingia kwenye fomula, kwa hiyo slabu nene yenye nondo chache inapigwa mara mbili. Mtu aliyesoma chuo kabla ya hapo na hajafungua kanuni tena anasanifu slabu nene kwa fomula ya zamani, na mchoro wake unapita mkononi mwa kila mtu bila swali. Wanaotumia Eurocode, kanuni za Ulaya, nao wana kizazi cha pili kinachokuja, cha zamani kinaondolewa 2028. Haya PMP haikufundishi.

Ratiba_Kamili
Na kanuni haikufundishi kumwambia mwenye mradi kwamba tarehe yake haiwezekani. Kila mtu na ugonjwa wake.

Profesa_Mtarajiwa
Mbona masta haina mtetezi? Kozi fupi inakupa jibu la leo. Masta inakupa miaka miwili ya kuulizwa kwa nini. Hicho kigezo cha ukubwa alichokitaja Boriti, mimi nilikisoma darasani kama mjadala wa watafiti kabla hakijaingia kwenye kanuni, kwa hiyo kilipokuja hakikunishtua. Cha kuangalia tu ni kama chuo kimo kwenye Mapatano ya Washington, ili masta itambulike nje.

Mzee_wa_Zege
Sehemu ya mwisho rekebisha. Mapatano ya Washington ya 1989 yanahusu hasa programu za shahada ya kwanza ya uhandisi, na kinachotambuliwa ni programu iliyoidhinishwa na taasisi mwanachama. Chuo kizima hakihusiki. Masta ya usimamizi au ya utafiti haipati chochote humo. Aulize bodi yake.

Profesa_Mtarajiwa
Sawa mzee. Lakini hoja ya kwanza naisimamia.

Kokoto
Kuna swali hatuligusi: lipi kati ya haya litahesabiwa kwenye saa zake za kujiendeleza? Engineers Australia, chama cha wahandisi cha kule, kwa mfano, wanataka saa 150 katika miaka mitatu. Kuna watu wanazijaza kwa semina za mtandaoni, sauti imezimwa, wako kwenye kikao kingine. Mimi naona kusoma kanuni mwenyewe usiku na kuandika ulichojifunza ni bora kuliko semina ya namna hiyo, ila bodi nyingine zinaweka kikomo kwa usomaji binafsi.

Mihimili
Weka daftari. Tarehe, saa, ulichosoma, ulichobadilisha kazini kwa sababu yake. Hiyo safu ya mwisho ndiyo mkaguzi anayoiulizia.

Mzee_wa_Zege
Naongeza moja ambayo haina ada: kusoma ripoti za majengo yaliyoanguka. Huyu kijana yuko saiti, anapokea michoro ya kiwandani kila wiki. Hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Julai 1981, watu 114 walifariki. Zilianguka njia za kupita watu zilizoning'inizwa ndani ya ukumbi, moja juu ya nyingine. Fimbo moja ndefu ya chuma ilipaswa kupita kwenye njia zote mbili, kila njia ikakaa juu ya nati yake. Kwa urahisi wa utengenezaji ikabadilishwa kuwa fimbo mbili, ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti ya njia ya juu. Kwa mabadiliko hayo nati ya juu ikabeba njia zote mbili. Mchoro ulipitishwa. Mhandisi wa saiti akilielewa hilo vizuri, akiletewa mchoro uliobadilishwa atauliza mzigo sasa unapitia wapi.

Nondo_Y16
Wakuu nimesoma yote, nashukuru. Nimerudi kwa mtu wa rasilimali watu. Masta: kusaini kubaki miaka mitatu baada ya kumaliza. PMP: mwaka mmoja. Kozi fupi: hakuna. Usajili, faili langu liko bodi, wamesema ripoti zangu za usanifu ni chache na za saiti ni nyingi.

Boriti_Ndefu
Basi bodi imeshakujibu. Unahitaji usanifu.

Ratiba_Kamili
Kozi haitamwongezea ripoti za usanifu, bodi inataka kazi halisi. Aombe kurudishwa ofisini miezi kadhaa, na ada ya mwajiri aitumie kwa PMP. Miezi 36 anaweza kuwa nayo, itategemea tu alichokuwa anaongoza.

Mzee_wa_Zege
Huo mkataba wa miaka mitatu, soma kifungu cha wewe kupunguzwa kazi. Ukiondolewa na wao, nani anarudisha ada? Kama hakijasema, waandike kabla hujasaini.

Nondo_Y16
Hakijasema. Jumatatu naenda kuuliza.

Volti33
Samahani kuingilia, mimi ni wa umeme, niko kwenye njia panda kama hii. Kozi ya ulinzi wa mitambo au ya mifumo ya sola?

Kokoto
Una miaka mingapi kazini, na uko kiwandani, majengo au gridi?