Wauza bastola, acheni kuwabebesha watu wa Nyanda za Juu vibastola vya kiganjani. Huku tunavaa makoti!

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa taratibu za leseni. Huu ni wa watu ambao leseni wanayo mkononi, wamehangaika miezi na miezi, halafu mwisho wa safari wanaishia kununua pambo.

Mfanyabiashara wa mpunga wa Ubaruku au wa mbao wa Mafinga anaingia dukani. Muuzaji anamwekea kiganjani kibastola cha gramu 270 na kumwambia, "Boss, hii hata ukivaa shati jepesi hakuna atakayejua." Boss anakipimapima kama anachagua parachichi, anatabasamu, analipa. Hakuna aliyemuuliza anavaa nini, viganja vyake vikoje, anashinda kwenye gari au ghalani, wala kama amewahi kufyatua hata risasi hamsini kwa siku moja. Huu ni wizi wa kistaarabu.

Tuanze na nguo, maana ndiyo hoja yao kuu. Bastola ya mfukoni ni ya mtu wa fulana na kaptula. Sasa njoo Uyole mwezi wa sita saa kumi na mbili asubuhi, au panda Njombe, na Makete ndiyo usiseme, huko sakitu inalala juu ya majani ya viazi. Mtu kavaa shati, sweta, na koti juu yake. Chini ya koti hilo bastola ya ukubwa wa kati kama Glock 19, mtutu wa sentimita 10, gramu kama 600, kitako kinachoingia vidole vyote vitatu, inapotea kabisa. Unalipia udogo ambao huuhitaji, na udogo una gharama zake.

Gharama yenyewe iko kwenye mitambo. Kwenye bastola ya kawaida slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua) ina safari ya kutosha kurudi nyuma: ganda linatoka, springi ya magazini (kisanduku cha risasi ndani ya kitako) inapata muda wa kupandisha risasi inayofuata, slaidi inarudi na kuisukuma chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Kwenye kibastola safari hiyo imekatwa, slaidi ni nyepesi na inakimbia, na springi ya kuirudisha imekazwa mno ili kufidia uzito uliopungua. Kasoro ndogo ambayo bastola kubwa inaimeza, hii inaitapika: grisi nzito, risasi dhaifu kidogo, magazini iliyopinda midomo kidogo tu, au mkono uliolegea. Hilo la mkono watu wanalidharau. Slaidi inahitaji mwili wa bastola utulie ili yenyewe irudi nyuma mpaka mwisho. Bastola ya gramu 600 inajisaidia kwa uzito wake. Ya gramu 270 iliyoshikwa kwa vidole viwili, kidole kidogo kinaning'inia hewani, inarudi nyuma yote pamoja na kiganja. Matokeo yake ganda halitoki vizuri, linabanwa na slaidi likiwa limesimama wima kama bomba la moshi.

Msidhani hili ni tatizo la viwanda vya uchochoroni. Ruger walitoa kibastola chao LCP mwaka 2008, na mwaka huohuo wakaziita zirudi kiwandani kwa sababu zingeweza kujifyatua zikianguka na risasi chemba. Remington R51 ya 2014 ilikuwa aibu tupu, ikarudishwa. SIG P365 ya 2018, ambayo leo inasifiwa, na kwa haki kabisa, zile za mwanzo zilikuwa zinavunja pini ya kugonga fataki (kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti). Kama wenye mashine za mabilioni wanahangaika na vipimo hivi, wewe unaambiwaje na muuzaji kwamba "hii haina shida kabisa"?

Halafu risasi. Hapa ndipo hasira inapanda. Kuna "tisa", yaani risasi za milimita tisa, tatu tofauti na wauzaji wengine wanaziita zote "tisa" (namba ya pili hapa chini ni urefu wa ganda kwa milimita):

9x17, ambayo kwenye mtutu inaweza kuandikwa .380 Auto, 9 mm Kurz au 9 mm Corto. Majina yote hayo ni risasi moja.
9x18 ya Makarov. Kichwa chake ni kinene zaidi, milimita 9.27.
9x19, Parabellum, hii ya bastola za kijeshi na za polisi wengi duniani.

Hazibadilishani. Usikubali kuambiwa "itaingia tu". Vilevile 7.65 Browning (milimita) ni .32 (inchi), na 6.35 ni .25. Soma maandishi ya mtutu, soma kitako cha ganda, linganisha kabla hujatoa hela.

Kwa nguvu, .25 inatupa kichwa cha gramu 3.2 kwa mwendo wa mita 230 hivi kwa sekunde. Parabellum inatupa gramu 7.5 kwa mita 350. Piga hesabu mwenyewe. Na hizo .25 na .32 zina tabia moja mbaya: ukingo wa kitako cha ganda umezidi mwili wake kidogo. Ukijaza magazini vibaya, ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ukingo wa iliyo chini yake, zinakamatana kama pembe za mbuzi wawili. Hapo hata ukoki vipi, yaani uvute slaidi na kuiachia ipandishe risasi, haitoki. Ni kutoa magazini na kuanza kuzichokoa moja moja. Risasi zenye kichwa chenye shimo ni fupi zaidi, zinapata nafasi ya kucheza ndani ya magazini, na kujifunga kunazidi.

Sasa weka yote hayo kwenye mazingira yetu. Mafinga kuna vumbi la mbao. Ubaruku na Rujewa kuna vumbi la pumba za mpunga, lile linalowasha shingo. Chunya ni vumbi jekundu. Kibastola kinakaa mfukoni, na mfukoni kuna nyuzi za sweta, makombo, sarafu. Fungua magazini ya mtu anayebeba hivyo miezi miwili bila kusafisha: chini ya ile sahani inayopandisha risasi utakuta kitu kama blanketi. Wengi wakiona hivyo wanamwaga mafuta. Mafuta yanakamata vumbi, linakuwa tope. Magazini ndani inatakiwa kavu. Mafuta ni tone moja kwenye kila reli ya slaidi na tone juu ya mtutu unaposuguana, basi. Na grisi ya gari mwezi wa saba Njombe inaganda kama samli, usiiguse.

Unyevu nao. Ukitoka Uyole na chuma cha baridi ukashuka Tukuyu mpaka Kyela, hewa ya moto yenye maji inalala juu ya chuma hicho kama jasho la chupa ya soda. Kutu inaanzia pasipoonekana: chini ya vibao vya kitako, kwenye springi ya magazini, kwenye kucha inayovuta ganda. Ukifika, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo siku hiyohiyo, si Jumamosi.

Kupima kabla ya kuiamini: watu wa kazi hii wanataka risasi 200 za mazoezi na 50 za zile utakazobeba, bila kukwama. Najua huku risasi hununui kama karanga, na leseni ina ukomo wake. Basi angalau 100, kwenye uwanja wa kulengea unaotambulika, na zitumie kwa akili. Zipe magazini namba kwa rangi ya kucha, 1 na 2, ili ujue ipi inaleta kisirani. Jaza mpaka mwisho, koki, toa magazini, ongeza moja, rudisha. Magazini iliyojaa pomoni ikiwa na slaidi iliyofungwa ndipo nyingi zinagoma kukaa. Risasi kumi piga kwa mkono wa kushoto peke yake (mashoto, kinyume chake), na nyingine kumi ukiwa na koti lako la kawaida. Angalia hasa risasi ya kwanza na ya mwisho. Okota maganda uangalie fataki: kidonda kiwe katikati na kizame. Kikiwa chepesi, springi ya pini imechoka au njia yake imejaa uchafu. Ikikwama mara mbili kwa magazini ileile, tupa magazini. Ikikwama kwa zote, mrudishie muuzaji pambo lake.

Karibuni, ila mtu asije na "bora kuwa nayo".

*

Mwamba wa Tunduma: Mkuu, umeongea ukweli, ila wa upande mmoja. Umewasahau wanaokaa. Dereva wa semi anatoka Tunduma kwenda Dar, saa nyingi yuko kwenye kiti, mkanda umembana. Bastola ya kati inamchimba nyonga, kufika Igawa ameshaitoa na kuiweka kwenye droo ya dashibodi. Hapo haina mwenyewe, tingo anaijua, fundi anaijua. Ndogo ya .380 yenye risasi sita inakaa mfukoni mchana kutwa.

Mleta uzi: Hapo nakubali, kaka, na hiyo ya kwenye dashibodi ni kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja. Lakini mfukoni iwe na mkoba wake wa ndani unaofunika triga yote, na mfuko huo usiwe na kitu kingine. Si funguo, si chenji, si kalamu. Bastola nyingi hizi hazina sefti ya pembeni, triga ndiyo sefti. Na ukiwa umekaa kwenye usukani, jaribu (bastola ikiwa tupu, umeangalia chemba kwa jicho na kwa kidole) kama mkono unaingia mfukoni kweli. Wengi hauingii, paja limeubana mfuko.

Mnyalukolo halisi: Mbona hamtaji rivolva? Ile fupi ya risasi tano, .38. Haina magazini, haina slaidi, mkono ukilegea haijali, risasi ikigoma unavuta tena triga inakuja nyingine.

Mleta uzi: Ni kweli, na kwa mtu asiye na muda wa mazoezi ya kukwamua ina maana. Smith & Wesson wanatengeneza umbo hilo tangu 1950, si jaribio. Ila triga yake ni nzito na ndefu, mtutu ni milimita 48 hivi, mita saba tu mkono usiozoea unatawanya. Na isisingiziwe kwamba haikwami. Ukitoa maganda mtutu ukiwa umeelekea chini, punje za baruti ambazo hazijaungua zinaingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda (lile gurudumu linalobeba risasi) haifungi au haizunguki. Elekeza mtutu juu, piga fimbo ya kutolea kwa kiganja mara moja kwa nguvu. Kwa Mafinga, pitisha mswaki mkavu chini ya nyota kila wiki. Vumbi la mbao linafanya kazi ileile ya baruti.

Sanga wa Makete: Wakuu, mzee ameacha bastola ya FN, ile modeli ya 1910, ndogo, nzuri, haina hata mkwaruzo. Vipi kuibeba?

Mleta uzi: Pole kwa msiba, ndugu. Bastola hairithiwi kama shamba. Ipeleke polisi kwanza pamoja na leseni ya marehemu, mpaka upate ya jina lako hiyo si yako. Ukiipata, usiibebe na risasi chemba. Ukikoki, springi ya pini inabaki imekazwa muda wote, na chuma hicho kina umri mkubwa. Badilisha springi zote, ya pini, ya slaidi na ya magazini. Na kabla hujanunua risasi hata moja, mwonyeshe fundi wa silaha mwenye kibali apime chemba. Hizo zilitoka za 7.65 na za 9x17, mwili ni uleule, tofauti ni mtutu tu, na mtutu huo unaweza kuwa ulibadilishwa zamani bila mtu kuandika popote.